Safu ya Saba

Zirai, saa moja asubuhi, ukungu haujaamka.
Nauvisha mnyasa mkanda wa tepu,
mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini:
usawa wa kifua, mwongozo unasema,
ila hausemi kifua cha nani.
Cha Kihiyo kiko juu ya hapo, changu kiko chini;
mti hauna habari na vifua vyetu.

Yeye anasoma, mimi naandika.
Mia mbili arobaini na mbili.
Themanini na moja.
Hamsini, umeliwa na mchwa, andika hivyo hivyo.
Halafu kisiki.

Kisiki hakina kifua.
Tunapima upana wa jeraha,
nafuta kuvu kwa kiganja,
na kishikwambi kinaniuliza, safu ya saba: Sababu.
Kilimo. Mbao. Kuni na mkaa. Nyingine.
Chagua moja.

Moja?
Kisiki hiki nakijua tangu kikiwa mvule.
Walianza watu wa msumeno, wawili wawili,
mmoja juu, mmoja shimoni akitafuna unga wa mbao.
Mbao zikashuka Muheza zimefunikwa mikungu ya ndizi,
zikaenda kuwa makabati ya maharusi wa Ngamiani.
Pengo likaachia jua.
Baba akalitazama lile jua kama mtu aliyeokota pochi.
"Mkono mtupu haulambwi," akasema,
akapanda iliki.
Iliki ikamlipa, miaka tisa ikamlipa,
hadi udongo ukamchoka.
Ndipo mahindi. Ndipo mihogo.
Ndipo magugu haya,
nami niliyerudi kuyakanyaga kwa buti za mradi.

Mjini Tanga, Bwana Semkiwa
alitutandazia ramani juu ya meza ya mvule,
meza pana, tuliizunguka watu kumi na wawili
na bado paliwekwa birika na sambusa.
"Dunia inataka asilimia," alisema.
"Mkulima amekula kiasi gani, mvuna magogo kiasi gani."
Kutoka angani kila mraba una rangi yake.
Mitiki ya Longuza, imesimama kwa mistari kama gwaride,
sijawahi kuokota uyoga chini yake:
kijani.
Iliki ya baba, imejibanza chini ya miti mikubwa iliyosalia,
miaka yote tisa:
kijani.
Siku jicho la juu lilipoliona pengo
sisi tulikuwa tumeshavuna, tumeshalipa, tumeshasahau.

Tumeshalipa nini?
Gunia la kwanza lilinunua godoro la bweni.
La pili sare, viatu, na taa.
La tatu lilinunua hesabu:
mzingo gawanya kwa pai, upate kipenyo,
hiyo hiyo ninayokitumia kisiki leo.
Korogwe, kidato cha kwanza, sanduku langu lilinukia iliki
wasichana wakadhani kwetu tuna hoteli.
Sikukanusha.

Kihiyo anapigana na siafu.
"Andika Kilimo, twende. Vimebaki viwanja kumi na vinne."
Si uongo.
Hata Mbao si uongo.
Angekuwepo baba angeuliza kwanza
nani anauliza, na ana mizani gani.

Nagusa Nyingine.
Kinafunguka kijidirisha: eleza, herufi zisizozidi ishirini.
Nahesabu kwa vidole, nafasi na mkato humo humo:
ada ya shule, yangu
Kumi na tisa.
Ofisini watairudisha, najua,
watanipigia simu Ijumaa wakicheka kwa adabu.
Imebaki herufi moja
na sina ya kuiweka.

"Mia na sita!"
Kihiyo ameshavuka kijito,
amekumbatia mhesi, shavu kwenye gome,
anasubiri niandike.